Mkutano mkuu wa kijiji ni nini?

Tangazo likipita jioni kwamba kesho saa tatu asubuhi kuna mkutano pale mwembeni, wengi husema, "Tunaenda kumsikiliza mwenyekiti." Hapo ndipo tunapokosea.

Mkutano wa hadhara huitishwa na kiongozi, awe mbunge au mkuu wa wilaya. Anasema yake, anapokea kero, anaondoka. Ni jambo jema, na shida nyingi zimewahi kumalizwa papo hapo. Lakini mkutano mkuu wa kijiji ni chombo cha maamuzi, na wajumbe wake ni sisi tuliokaa chini ya mti.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano huu. Haulizwi chama wala kisomo. Mkutano ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa. Kwa hiyo mwenyekiti anapokaa meza ya mbele na mtendaji wake, hajaja kutoa amri. Amekuja kutoa hesabu kwa waliomtuma. Mkutano wa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo mapato na matumizi husomwa: michango ya darasa imefika ngapi, saruji imenunuliwa mifuko mingapi, iliyobaki iko kwa nani.

Uzito wake hasa unaonekana kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mwekezaji akija anataka shamba kubwa, chai aliyokunywa na viongozi ofisini haimpi hata hatua moja ya ardhi. Lazima jambo lake lisomwe mbele ya watu, wahoji mipaka, malisho na njia ya kwenda kisimani, ndipo wakubali au wakatae.

Na hapa naomba tuwe macho na daftari la mahudhurio. Niliwahi kukaa kwenye mkutano ambapo daftari lilizungushwa mapema, watu wakaandika majina na kutia sahihi, akina mama wawili wakaweka dole gumba. Ajenda ilikuwa maji. Miezi kadhaa baadaye karatasi zile zile zikaonekana zimebanwa nyuma ya muhtasari unaosema tumeridhia kutoa eneo. Kesi ya namna hiyo huchosha, maana majina ni yetu kweli.

Kinga yake iko kwenye kipengele ambacho wengi hukipita kwa kupiga makofi: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Dai usomwe wote, kwa sauti, neno kwa neno. Ukisikia jambo ambalo halikuzungumzwa, nyoosha mkono na useme, "Mheshimiwa mwenyekiti, hilo hatukulipitisha," kisha usikae mpaka umwone mtendaji, ambaye ndiye katibu, ameandika pingamizi lako.