Tintinabuli: kanuni ya sauti mbili katika muziki wa kinanda wa Arvo Pärt

Tintinabuli ni mtindo wa kutunga muziki ulioanzishwa mwaka 1976 na Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia aliyezaliwa 1935. Wengi huutaja kana kwamba ni jina jingine la utulivu, muziki wa taratibu wa kupumzisha akili. Utulivu umo kweli, ila si huo unaoufanya tintinabuli. Hii ni kanuni, na mwanakwaya yeyote anayesoma solfa anaweza kuihakiki kwa penseli.

Sauti ni mbili. Ya kwanza, iitwayo M, ndiyo inayobeba wimbo: hupanda au kushuka ngazi kwa ngazi, ikitoka kwenye nota moja ya katikati au ikirejea kwenye nota hiyo. Ya pili, T, haigusi nota yoyote nje ya kodi kuu, yaani nota tatu za msingi zinazopatana zikilia pamoja. Kwenye A maina (A minor), ngazi ya muziki inayoanzia la, kodi hiyo ni la, do, mi. Tuseme mtunzi ameamua T ikae juu ya M, kwenye nota ya kodi iliyo karibu zaidi:

M: la – ti – do – re – mi
T: do – do – mi – mi – la

Akitaka nota ya kodi inayofuata badala ya ile ya karibu, M ileile itapata mi – mi – la – la – do. T inaweza pia kukaa chini, au kupokezana, mara juu mara chini. Uamuzi ukishafanyika, hakuna tena cha kuchagua.

Tazama jozi ya pili ya mfano: ti na do zinalia pamoja, nusu toni tu kati yake, umbali mdogo kabisa kati ya nota mbili za kinanda. Kwenye mazoezi ya kwaya mwalimu angesimamisha wimbo. Hapa ni matokeo ya kanuni, na jozi inayofuata, do na mi, inalainisha. Kukwaruzana na kupatana vinapishana vyenyewe.

Kwenye piano mkwaruzo huo hufifia haraka kwa sababu waya ukishagongwa sauti huanza kufa. Kwenye kinanda cha mabomba, bomba hulia kwa nguvu ileile mpaka kidole kiondoke, hivyo ti na do husimama wazi mbele ya msikilizaji. Ndiyo maana naona ni heri kumjua Pärt kwa kinanda cha mabomba. Anza na “Pari intervallo”: sauti nne, mbili za M zikienda sambamba, mbili za T. Fuata T kwanza, ndiyo rahisi kuinasa. M itajitokeza yenyewe. “Annum per annum” ya 1980, iliyoandikwa kwa ajili ya Kanisa Kuu la Speyer, Ujerumani, ingoje. Inafungua kwa kishindo, kisha mota ya upepo inazimwa vidole vikiwa bado vimeshikilia kodi, na sauti inalegea na kushuka kadiri upepo unavyoisha. Asiyejua hudhani kinanda kimeharibika.

Mchezaji hukosea zaidi kwenye nota za T zinazojirudia, kama do – do hapo juu. Kidole kisipoinuka kabisa kati yake, msikilizaji husikia nota moja ndefu na mwendo unapotea. Kwenye kanisa lenye mwangwi mwingi, pengo liwe kubwa zaidi. Kama kinanda kina safu mbili za vibao, gawa M na T, la sivyo zikikutana kwenye kibao kimoja moja inaimeza nyingine. Kwa kila safu fungua filimbi moja ya futi 8, yaani mabomba ya sauti laini yanayolia kwa kimo kilekile cha nota inayobonyezwa. Tremolo, kifaa cha kutetemesha sauti, izimwe, na pia mabomba yaliyotiwa tuni makusudi yatetemeke, kwani mtetemo huo huficha nusu toni yenyewe. Wa kinanda cha umeme azime mdundo na kodi za kujipiga zenyewe, kisha apunguze mwangwi wa bandia hadi ti na do zisikike kama nota mbili.