Eti mwanaanga lazima awe rubani wa jeshi? Maneno ya kijiweni Kigoma na ukweli wake

Ukitaja wanaanga kijiweni pale Mwanga utasikia mengi, na mengi yenyewe ni ya kubuni. Nianze na lile kubwa, eti mpaka uwe rubani wa jeshi ndo NASA, shirika la anga la Marekani, wakuangalie.

Si kweli bana. Chukua Kate Rubins, dada wa Kimarekani ambaye kabla ya roketi kazi yake ilikuwa virusi. Alianza na virusi vya ukimwi pale Salk Institute, California, akapiga PhD Stanford, akaingia kwenye ndui na ndugu yake ndui, hii mpox tunayoisikia redioni siku hizi. Na hakuishia maabara, kiherehere chake cha kutaka kujua kilimfikisha mpaka Kongo kuufuatilia ugonjwa wenyewe, Kongo hii hii ambayo hali ya hewa ikiwa safi unaiona milima yake ng'ambo ya ziwa ukiwa Kibirizi unagombania bei ya dagaa, ila yeye alienda ndani ndani huko sio huku ziwani.

2009 NASA wakamchukua, 2016 akaruka na Soyuz, chombo cha Warusi, kutoka Baikonur kule Kazakhstan. Sasa watu wanadhani ukifika juu kazi ni kuelea na kupiga picha. Yeye Agosti 2016 akawa mtu wa kwanza kusoma mpangilio wa DNA, yaani vinasaba, angani, ya panya, ya kirusi kimoja na ya bakteria, kwa kimashine kinachoenea kiganjani. Kilichowatia watu wasiwasi ni mapovu kwenye kimiminika cha kipimo, maana huku chini povu la hewa linapanda lenyewe na unajua utalitoa wapi, kule hakuna juu wala chini, linaganda popote linapotaka na linaweza kukuharibia kipimo chote. Kipimo kikakubali.

Lingine hili nalisikia hata kwa waliosoma: kule juu hakuna mvuto wa dunia. Kituo cha anga za juu kiko kama kilomita 400 kwenda juu, yaani ni kama reli ya kutoka hapa Kigoma mpaka Tabora ukiisimamisha wima. Ndo mvuto uishe hapo? Upo, tena karibu asilimia 90 ya huu unaotukalisha hapa. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja muda wote, ila kinakwenda kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kikianguka dunia nayo inapinda chini yake, hakiigongi ng'o. Kinazunguka dunia nzima kwa kama dakika 90, na huku kwetu kinapita, ile nyota inayokatiza haraka jioni bila kuwaka na kuzima huenda ndo chenyewe, sio ndege wala sio mambo ya kishirikina.

Halafu wapo wanaosema udadisi tu unatosha, na hapo watakutajia Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe aliyeingia Gombe 1960 hana digrii hata moja. Sawa, ila Gombe sio NASA. NASA wanataka uraia wa Marekani, digrii ya pili ya sayansi, uhandisi au hesabu, uzoefu wa kazi, na ukishachaguliwa ni mafunzo ya miaka, Rubins alikaa miaka saba toka achaguliwe mpaka aruke, na lugha ya Kirusi ilibidi aijue.

Na wale wa "mwili wa mwanamke hauwezi", sijui hata niwajibu nini. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kufika angani, aliruka 1963, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Na Mmarekani aliyekaa angani siku nyingi kuliko wenzake wote, wanaume kwa wanawake, ni Peggy Whitson, zaidi ya siku 600 ukijumlisha safari zake, naye ni mtu wa biokemia.