Hati safi haihesabu lita: ninavyosoma hesabu za mamlaka ya maji Tanga

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowekwa mezani bungeni, simu yangu hujaa swali lile lile: mamlaka yetu ya maji imepata hati gani? Ikiwa safi, watu wanapumua. Ikiwa yenye shaka, vijiwe vya Ngamiani vinachemka kwa siku mbili, kisha maisha yanaendelea. Mimi ni mhasibu niliyeingia ukaguzi wa ndani nikiwa kijana, na miaka yangu mingi imepita kwenye taasisi za maji. Hati safi ni jambo jema. Ila haijibu hata kidogo swali la mkazi wa Makorora au Duga anayefungua bomba alfajiri likamtolea upepo.

Hati inasema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango vinavyokubalika na hazina makosa makubwa ya kupotosha. Basi. Mamlaka inaweza kupoteza theluthi ya maji yake njiani na bado ikapata hati safi, mradi shilingi zilizoingia na zilizotoka zimeandikwa sawasawa. Maji yaliyovuja hayakuwahi kuwa ankara, na kisichowahi kuwa ankara hakina mahali pa kukaa vitabuni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, tena limekaguliwa, lakini limefunguliwa kwa ajili ya shilingi tu. Mdhibiti mwenyewe analijua hilo, na ripoti zake kuhusu mashirika ya umma hugusia upotevu wa maji mara kwa mara. Tatizo ni kwamba kurasa hizo hazifiki kijiweni, wala haziamui aina ya hati.

Kwa hiyo mimi huanza kusoma kutoka mtoni.

Maji ya Jiji la Tanga yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki, upande wa Amani. Yanakusanyika bwawa la Mabayani, yanasukumwa hadi mtambo wa Mowe kutibiwa, kisha yanaingia kwenye mabomba ya mjini. Katika safari hiyo kuna sehemu mbili za kupimia ambazo zikiwa nzima, nusu ya uwajibikaji imepatikana: mita kubwa inayopima maji yanapotoka mtamboni, na mita ndogo iliyo ukutani kwako. Jumla ya ya kwanza ukiitoa jumla ya zile ndogo kwa mwezi mmoja, kinachobaki ni maji yasiyolipiwa. Hesabu ya darasa la nne. Ugumu uko kwenye kuhakikisha kwamba namba zote mbili ni za kweli.

Anza na mita kubwa. Nimewahi kukagua mamlaka, si ya mkoa huu, ambayo mita yake ya mtamboni ilikuwa imekufa na uzalishaji ulikuwa unaandikwa kwa saa za pampu: pampu ina uwezo kadhaa kwa saa, imefanya kazi saa kadhaa, zidisha. Lakini pampu iliyochoka haitoi maji mengi kama iliyotoa siku ilipowekwa. Ukikadiria uzalishaji kwa uwezo wa kwenye karatasi, hujui umepoteza kiasi gani, maana hata ulichokuwa nacho hukijui. Nikiona asilimia ya upotevu inabaki ile ile mwezi baada ya mwezi bila kutikisika, swali langu la kwanza huwa ni lini mita ya mtamboni ilipimwa usahihi wake mara ya mwisho, na cheti kiko wapi.

Mita ndogo nazo zina tabia zao. Mita ya kawaida yenye gurudumu ndani ikizeeka huhesabu pungufu, hasa maji yakipita taratibu kama yanavyofanya tanki la juu likijaa kwa kudonda. Hapo anayeumia ni mamlaka. Upande wa pili, kwenye mitaa yenye mgao, maji yakirudi baada ya kukatika husukuma hewa iliyomo bombani, na hewa hiyo inaweza kuzungusha mita. Mama anayelalamika kwamba amelipia upepo hana wazimu, na mhandisi yeyote mkweli atakwambia hivyo. Dawa yake inajulikana: vali za kutoa hewa kwenye bomba kuu, na ratiba ya mgao inayofuatwa.

Kisha kuna wizi, ambao nao umebadilika. Zamani fedha ilipitia mkononi mwa karani dirishani, na karani mwenye tamaa aliweza kuchelewesha kuipeleka benki. Siku hizi malipo ya serikali yanapita kwenye mfumo mmoja wa kielektroniki: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na fedha inaonekana moja kwa moja. Huo mlango umefungwa vizuri na sina la kuulaumu. Aliyekuwa akiiba fedha sasa inabidi aibe kabla haijawa fedha, yaani kwenye daftari la wateja na kwenye marekebisho ya ankara.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Ankara inaweza kurekebishwa kwa sababu halali kabisa. Msoma mita amekosea tarakimu, bomba limepasuka ndani ya uwanja wa mteja, au mteja alikadiriwa mita ilipokuwa haionekani. Lakini marekebisho hayo hayo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kufuta deni la hoteli au kiwanda cha matofali kwa makubaliano ya pembeni. Hakuna noti iliyoguswa, na hati itatoka safi kwa sababu kila rekebisho lina fomu na saini. Ninachotafuta ni kama mtu mmoja anaweza kuomba rekebisho na kuliidhinisha mwenyewe, kama kuna mteja yule yule anayerekebishiwa kila robo mwaka, na kama jumla ya marekebisho hupelekwa kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi au huishia kwa meneja wa biashara. Bodi isiyoona orodha hiyo haisimamii mapato; inasomewa tu.

Kipimo kingine ninachokipenda kiko stoo. Hesabu mita mpya zilizotoka ghalani mwaka huu. Toa zilizobadilishwa kwa wateja wa zamani. Zilizobaki zinapaswa kulingana na akaunti mpya zilizofunguliwa. Zikizidi, kuna nyumba zinazotumia maji ambazo mfumo wa ankara hauzijui. Vishoka, yaani mafundi wa kuunganisha kinyemela, hawafui mita gizani. Mara nyingi kifaa kimetoka mlango wa mbele kikiwa na hati yake ya kutolea mali.

Sasa kuna jambo lililofanya hesabu ya lita iwe ya lazima zaidi hapa kwetu kuliko mikoa mingine. Februari 2024 mamlaka ya Tanga ilizindua hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya kwanza kutolewa na mamlaka ya maji nchini, na baadaye ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lengo lilikuwa shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walileta bilioni 54.72, zaidi ya lengo. Mojawapo ya shabaha za fedha hizo ilikuwa kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku. Deni linalipwa kutokana na mapato ya maji. Kwa lugha ya nyumbani, linalipwa na ankara zetu.

Nimeifurahia hatua ile na bado naifurahia, kwa sababu imeleta msimamizi wa aina mpya. Aliyenunua hatifungani hamwogopi mkurugenzi wala hangoji ziara ya kiongozi. Anangoja tarehe ya riba. Mtoaji anabanwa kuchapisha taarifa zake, na soko linasoma. Hebu lakini tupige hesabu. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni karibu bilioni 7.2 kwa mwaka, deni likiwa bado halijapunguzwa. Weka hiyo pembeni. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo lita milioni 45 ni uniti 45,000 kwa siku. Asilimia moja yake ni uniti 450. Tuchukue bei ya mfano, shilingi 1,500 kwa uniti, kurahisisha tu: ni shilingi 675,000 kwa siku, zaidi ya milioni 246 kwa mwaka, kwa kila asilimia moja inayopotea. Ukifika asilimia 29 umekula kiasi kinacholingana na riba yote.

EWURA, mdhibiti wa sekta hii, inahesabu upotevu wa asilimia 20 kuwa ndio mwisho wa kuvumilika, na wastani wa mamlaka nchini umekuwa juu ya theluthi. Si kila lita iliyovuja ingepata mnunuzi, najua, na kuna kiasi ambacho hakuna mji duniani umewahi kukimaliza. Lakini angalia kinachotokea ukiongeza uzalishaji bila kugusa mabomba. Msukumo unapanda, na msukumo ukipanda nyufa zinavuja zaidi. Theluthi ya milioni 45 ni milioni 15; theluthi ya milioni 60 ni milioni 20. Milioni 5 za ziada kila siku zingeingia ardhini, na zimetengenezwa kwa fedha ya mkopo. Ndiyo maana katika mradi wowote wa aina hii ninaangalia kwanza kifungu cha kubadilisha mabomba chakavu na kugawa mtandao katika kanda zenye mita zake, kabla ya kuangalia pampu mpya zinazopendeza kwenye picha.

Msimamizi huyu mpya ana upofu wake. Mwenye hatifungani akilipwa, ameridhika. Hajali kama maji yalifika Mwang'ombe au yaliishia Raskazone, wala kama mtaa fulani una mgao wa siku tatu. Kibiashara, mteja mkubwa anayelipa kwa wakati ni bora kuliko kaya mia za ndoo mbili mbili. Kwa hiyo mwenye kazi ya kuwasemea hao mia ni nani?

Kwenye karatasi wapo wengi. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inaweka bodi, ambayo wajumbe wake huteuliwa na Waziri. EWURA inapanga bei na kuchapisha kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji. Kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC. Yupo Msajili wa Hazina, ipo kamati ya Bunge, na manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST. Macho hayapungui. Yanachokosa ni swali moja la pamoja, kwa sababu kila mmoja anakagua kipande chake na kipande cha mtaa wa mwisho wa bomba kinabaki katikati.

Mfano mdogo ni kioski. Bei ya maji ya kioski imo kwenye agizo la bei, kama bei nyingine zote. Lakini dumu la lita 20 likiuzwa shilingi 50, uniti moja, ambayo ni madumu 50, imeuzwa 2,500. Linganisha na bei ya uniti kwenye ankara ya aliyeunganishiwa bomba ndani, na utaona nani anamlipia nani. Tofauti hiyo haiingii kwenye mapato ya mamlaka, haiko kwenye hati, haimgusi mwenye hatifungani. Sijawahi kuiona kwenye ajenda ya kamati ya ukaguzi hata mara moja.

Na mlimani nako kuna deni lisiloandikwa. Wakulima wa bonde la Zigi, ambao wana umoja wao wa UWAMAKIZI, wakilima kingo za mto, mvua ikinyesha tope linashuka Mabayani, na Mowe inahitaji shabu nyingi zaidi kulituliza. Wakiacha kulima kingoni wanapoteza shamba ili sisi wa mjini tupate maji ya gharama nafuu. Kinachotengwa kwa ajili yao kinapaswa kuwa mstari unaoonekana kwenye bajeti, si mchango wa hisani unaotolewa fedha zikibaki.

Mahali ambapo mkazi wa kawaida anaweza kuyauliza haya yakaandikwa ni mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi, ambao EWURA huuitisha mamlaka inapoomba bei mpya. Nimehudhuria kadhaa, mikoa mbalimbali. Watu huja na hasira na simulizi, mwenyekiti anawashukuru, na agizo la bei linatoka bila chochote walichosema. Aliyewahi kubadilisha jambo mbele yangu alikuwa bwana mmoja mzee aliyekuja na ankara zake za miezi 12 kwenye bahasha, pamoja na daftari la shule alimoandika siku maji yalipotoka na yalipokatika. Alisoma tarehe mbili tatu, akakabidhi nakala mezani. Mamlaka ilitakiwa kujibu kwa maandishi. Ukienda, omba pia asilimia ya upotevu kwa kila kanda badala ya wastani wa jiji zima, na thamani ya marekebisho ya ankara ya mwaka uliopita. Kama namba hizo hazipo siku ile, omba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba ziliombwa na hazikupatikana.