Je, wajua? Rubela, vipele vya siku tatu vya mama, hufikaje kwenye jicho la mtoto aliye tumboni?

Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi kupita kawaida wakiletwa kwake wakiwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya jicho. Ugonjwa huo tumeuzoea kwa wazee. Hawa walizaliwa nao, na wengi wao moyo pia ulikuwa na hitilafu. Alipowauliza mama zao habari za ujauzito, karibu wote walikumbuka jambo moja: mimba ikiwa changa, waliugua rubela. Pamoja na madaktari wenzake alikusanya habari za watoto 78.

Rubela kwa mama ni homa kidogo, vipele, tezi kuvimba nyuma ya masikio, basi. Wengine huugua wasijue.

Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Kati yao pana kondo la nyuma, linalopitisha chakula na hewa na kuzuia vijidudu vingi. Virusi vya rubela huvuka kwa kuliambukiza kondo lenyewe: huzaliana ndani ya seli zake, kisha huingia kwenye mishipa ya mtoto. Huko hukuta mwili ungali unajengwa. Wiki 12 za kwanza ndizo za kuumbwa jicho, moyo na sikio la ndani. Seli zilizoambukizwa hugawanyika polepole, nyingine hufa, na kiungo hutoka na kasoro. Mama mwili wake ulikwisha kujengwa zamani, na kinga yake imekomaa, mtoto bado. Kwa hiyo wiki zina uzito mkubwa: mwanzoni mwa mimba uwezekano wa virusi kumfikia mtoto hufika asilimia 90, lakini baada ya wiki ya 20 madhara ni nadra.

Linaloniuma ni lawama anazobebeshwa mama, mara karogwa, mara kala kitu kibaya. Hakukosea popote. Rubela huenea kwa kikohozi na chafya, na ikishampata hakuna dawa ya kumkinga mtoto. Kinga ni chanjo, tena ichomwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, kwa kuwa mjamzito hapewi.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua-rubela mwaka 2014, nayo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18. Wavulana huchanjwa vilevile, kwani kikohozi cha kijana wa nyumbani chatosha kumfikia mama mjamzito.