Je, wajua maji matupu yanaweza kuirudisha plastiki kuwa mafuta?

Yanaweza, ila si maji ya kuchemka jikoni. Yakipashwa hadi kuvuka nyuzi 374 za Selsiasi huku yakibanwa kwa shinikizo la zaidi ya megapaskali 22, takriban mara 100 ya upepo wa tairi la gari dogo, maji hayawi tena kimiminika wala mvuke. Hupenya kama gesi, huyeyusha mafuta, na chumvi huikataa: kinyume kabisa cha maji ya bomba.

Ndoo, vifuniko vya chupa na mifuko ni polipropilini na polithini, yaani minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Wengi hudhani maji ndiyo yanayoikata. Kwa sehemu kubwa kinachokata ni joto. Plastiki haipitishi joto vizuri, hivyo ukiipasha moto kwenye tangi kavu lisilo na hewa, iliyogusa ukuta hugeuka makaa kabla ya iliyo katikati kuiva. Maji huingiza joto ndani kwa ndani, kisha huvitawanya vipande vilivyokatika visishikamane kuwa makaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha mwaka 2019 kwamba polipropilini katika nyuzi 380 hadi 500 na megapaskali 23 hutoa mafuta hadi asilimia 91.

Kiwandani, kama kile cha Mura Technology kilichozinduliwa 2023 huko Wilton, Uingereza, plastiki huchambuliwa, hukatwakatwa, huyeyushwa na kusukumwa kwa shinikizo hadi ikutane na maji hayo. Baada ya kukaa kwenye tanuri, shinikizo hushushwa na mchanganyiko hutenganishwa: nafta (mafuta mepesi mfano wa petroli), mafuta mfano wa dizeli, na mazito yanayofaa kwenye lami. Gesi inayobaki huchomwa kupasha maji mengine.

Kazi huharibikia kwenye uchambuzi. Kipande cha bomba la PVC hutoa asidi haidrokloriki, na katika joto hilo hata aloi ghali za nikeli huliwa. Chumvi na mchanga, kwa kuwa haviyeyuki humo, huziba mirija.

Chupa za maji ya kunywa nazo zitengwe. Hizo ni PET, plastiki ya aina nyingine ambayo maji huikata yenyewe kwenye viungo vyake, tena kwa nyuzi 200 hadi 300 tu. Hutoka malighafi zake mbili, ethilini glikoli na asidi ya tereftaliki; hii ya pili hujitenga kama unga mweupe maji yakipoa. Unga huohuo ukiingia kwenye mtambo wa mafuta ni kero, maana huganda kwenye mabomba.

Mafuta yakiuzwa kama dizeli, kaboni yote huishia hewani. Nafta ndiyo inayoweza kurudi kuwa plastiki mpya. Kwa hiyo fundi hucheza na joto na muda: vikipungua hupata nta, vikizidi mafuta yenyewe hukatika kuwa gesi.