Kala lili ikikauka majani haijafa, msiitupe

Jamani watu wa Malindi, nawaomba, acheni kutupa kala lili, hili ua la poti linaloota kutoka kwenye kiazi. Juzi nimemkuta jirani yangu anaenda kumwaga poti zima jaani, ati ua limekufa, majani yamekuwa manjano yamelala chini. Nikamwambia ngoja kwanza dadangu, nikafukua mchanga kwa vidole na kiazi hicho hapo, kigumu kama gimbi, na jicho dogo la waridi limeanza kuchomoza pembeni. Limelala tu!

Hizi kala za rangi, za manjano, waridi, zambarau, zikishamaliza kutoa maua zinapumzika miezi miwili mitatu hivi, nguvu yote inarudi kwenye kiazi, sasa mtu akiona majani yanakauka anadhani ni kiu, anazidisha maji, na hapo ndo anaiua kweli maana kiazi kinaoza. Punguza maji, weka poti kivulini pakavu, chipukizi likitoka ndo uanze kumwagilia tena. Ile nyeupe ni tofauti kidogo, kwao kusini mwa Afrika inaota kwenye majimaji, ikipata maji inaweza kubaki kijani mwaka mzima.

Na kwa joto letu hili ipe jua la asubuhi tu, la mchana linababua majani. Watoto wasiitafune, ni ukoo mmoja na magimbi, inawasha mdomo vibaya sana. Jirani kashalirudisha poti lake nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini.