Upinde imara si fimbo ya unene mmoja

Usukumani, ambako sungusungu wa miaka ya 1980 walilinda vijiji kwa pinde na mishale, bado utasikia vijana wa Mwanza wakisema kwamba upinde imara ni fimbo iliyochongwa unene mmoja toka ncha hadi ncha. Sivyo, na dhana hiyo imeharibu miti mingi mizuri.

Ugwe unapovutwa, mzigo wa kupinda huwa mkubwa karibu na mshikio na hupungua kadiri unavyoelekea ncha. Fimbo ya unene mmoja basi hujikunja karibu yote katikati, ncha zikibaki zimenyooka. Hapo katikati ndipo itakapovunjika. Kwa hiyo mikono ya upinde, yaani sehemu zake mbili toka mshikio hadi ncha, lazima iwe myembamba taratibu kuelekea ncha.

Unene ndio wa kuogopa zaidi. Ukipunguza upana kwa asilimia 10, ukakamavu, yaani ugumu wake wa kupinda, hupungua kwa asilimia 10. Ukipunguza unene kwa asilimia 10, hupotea karibu asilimia 27. Ndiyo maana panga likishatoa umbo la awali liwekwe kando, na tupa ya seremala pamoja na kipande cha kioo vishike zamu. Pinda kidogo, tazama, kwangua panapokataa kupinda, kamwe si palipolegea, kisha pinda tena mara nyingi kabla ya kukwangua zaidi.

Na ukwangue tumbo tu, yaani upande unaomwelekea mpigaji. Mgongo, yaani upande wa pili, ndio unaovutwa na kutanuka upinde unapopinda. Nyuzi zake zikikatwa, ufa huanzia hapo. Wanaouchonga nakshi mgongoni huniumiza moyo kweli.